Tarehe 15 Kituo Huwa Kitupu: Je, Kususia Petroli Siku Moja Kunashusha Bei?

Jioni ya Jumatatu, Julai 14, 2025, nilikuwa kwenye foleni ya petroli kando ya Outering Road, upande wa Donholm, nyuma ya Probox iliyosheheni kreti za mayai. Foleni ilikuwa imetoka kituoni ikamwagika barabarani, na makanga wa matatu walikuwa wanatutukana kwa lugha tatu. Tangazo la bei mpya, ambalo hutoka tarehe 14 ya kila mwezi, lilikuwa limeshatoka: kuanzia saa sita usiku, lita moja ya petroli Nairobi ingepanda kwa shilingi 8.99, kutoka 177.32 hadi 186.31. Kila mwenye tangi alitaka kulijaza kabla ya saa hiyo.

Pembeni ya foleni kijana wa bodaboda alipenyeza pikipiki yake hadi kwenye pampu, akafungua kifuniko na kumwambia mhudumu, "Niwekee ya mia mbili." Wakati huo simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu: wananchi wamechoka, Jumatatu ijayo asinunue mtu hata tone, siku moja tu na hao mabwanyenye watashusha bei wenyewe, tuma kwa watu kumi. Aliyeutuma ni jirani yangu wa ghorofa ya pili. Dakika ishirini baadaye nilimwona kwenye foleni hiyo hiyo, magari manne nyuma yangu, dirisha limefunguliwa nusu.

Kesho yake asubuhi nilipita pale tena. Kituo kilikuwa kitupu. Mhudumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai, mandazi yamefungwa kwa gazeti. "Leo hakuna watu, mzee," akaniambia. "Wote walikuja jana."

Sentensi yake hiyo ndogo inabeba karibu jibu lote. Sisi wa Nairobi tunafanya mgomo wa petroli wa siku moja kila mara bei inapotangazwa kupanda, ila hatuuiti mgomo. Tarehe 14 jioni tunajaza, tarehe 15 hatuonekani. Kama kituo kukaa kitupu siku moja kungekuwa na nguvu ya kushusha bei, kila ongezeko lingejifuta lenyewe ndani ya wiki.

Kosa la mgomo wa siku moja ni kuchanganya kununua na kutumia. Tuseme kituo kimoja huuza lita elfu kumi kwa siku, na ujumbe wa WhatsApp ufanikiwe kuliko ndoto ya aliyeutunga, Jumatatu kiuze lita elfu mbili tu. Hizo lita elfu nane zimekwenda wapi? Nyingine zilinunuliwa Jumapili na waliojiandaa. Nyingine zitanunuliwa Jumanne na watu walioamka taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi. Magari yalitembea vilevile siku ile, yakichoma yaliyokuwa tangini. Mwisho wa wiki, mwenye kituo akijumlisha daftari lake, atapata takribani ile ile ya wiki iliyopita. Petroli yake haikuoza. Ilikuwa imelala kwenye tangi chini ya saruji, ikisubiri Jumanne.

Ili mgomo upunguze matumizi hasa, inabidi watu wasitembee. Hapo tunamrudia yule kijana wa mia mbili. Yeye hana tangi la kujaza jana ili asusie leo. Hununua petroli kama tunavyonunua mandazi, ya kula sasa hivi: asubuhi ya mia mbili, akibeba wateja wanne watano anarudi kuongeza. Asiponunua Jumatatu, Jumatatu hafanyi kazi, na jioni mwenye pikipiki atataka hesabu yake vilevile. Jirani yangu mwenye gari lake la Fielder anaweza kususia Jumatatu bila kukosa chochote. Wenye tangi wanapiga kelele za mgomo, na asiye na tangi ndiye anayelala njaa kwa sababu yake. Ndiyo maana ujumbe ule uliniudhi kidogo, ingawa ninaelewa hasira iliyouzaa.

Wazo lenyewe si letu. Lilisambaa Marekani kwa barua pepe mwaka 1999, watu wakihimizana wasinunue petroli Aprili 30. Bei ilikuwa inapanda kwa sababu mwezi mmoja kabla, nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, zilikuwa zimekubaliana kupunguza uzalishaji. Siku ilifika, ikapita, na bei ikaendelea kupanda mwaka ule. Wito huo ulirudi mwaka 2000, ukarudi tena Mei 15, 2007, bei ya Marekani ikiwa imevuka dola tatu kwa galoni. Ule wa 2007 ulikuwa na chumvi ya ziada: ulidai kwamba mgomo wa mwaka 1997 ulishusha bei kwa senti 30 kwa usiku mmoja. Mgomo huo wa 1997 haukuwahi kuwapo. Lakini ujumbe unaoahidi ushindi kwa gharama ya siku moja hauhitaji ushahidi ili usafiri. Unahitaji tu watu wenye hasira na kidole cha kutuma.

Nani hupanga bei ya Nairobi?

Hata hivyo Marekani walikuwa na nafuu moja kutushinda. Kule mwenye kituo hupanga bei yake. Akiona wateja wamehamia kwa jirani anaweza kupanda ngazi mchana huo huo na kubadilisha tarakimu. Hapa kwetu tarakimu hazibadilishwi na mwenye kituo. Tangu Desemba 2010 serikali huweka bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Tarehe 14 ya kila mwezi hutangaza, tarehe 15 bei huanza kutumika, na hukaa mwezi mzima. Hukokotolewa kwa fomula. Wingi wa magari kwenye foleni ya Outering Road haumo ndani ya fomula hiyo.

Kilichomo ni safari ya lita yenyewe. Kenya haisafishi mafuta tena. Kiwanda cha Changamwe kilisimama mwaka 2013. Petroli huja ikiwa tayari, kwa meli, kutoka Ghuba. Tangu Machi 2023 mafuta huletwa chini ya mkataba baina ya serikali na kampuni za mafuta za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kwa mkopo wa miezi sita, badala ya zabuni ya kila mwezi iliyokuwapo awali. Meli hushusha Kipevu, bandarini Mombasa, mafuta husukumwa kwa bomba la Kenya Pipeline kilomita 450 hivi hadi matangi ya Industrial Area, Nairobi, na hapo malori huyachukua kuyasambaza. Ndiyo maana Mombasa lita hupungua kwa shilingi tatu hivi kuliko Nairobi, na Mandera, kule mpakani kaskazini-mashariki, hupanda mno.

Juni 2025 gharama ya wastani ya kufikisha petroli Mombasa ilipanda kutoka takriban dola 590 kwa mita ya ujazo hadi dola 628. Ulikuwa mwezi wa vita vya Israeli na Iran, na soko la mafuta lilikuwa linatetemeka. Mita ya ujazo ni lita elfu moja, na dola ilikuwa inabadilishwa kwa shilingi 129 na kitu. Piga hesabu: lita iliyofika Mombasa iligharimu kama shilingi 81. Wewe ulilipa 186.31.

Pengo hilo la shilingi mia moja na zaidi ndilo ningependa watu walijadili kwenye makundi ya WhatsApp. Kubwa ndani yake mwezi ule ilikuwa kodi na tozo: tozo ya matengenezo ya barabara shilingi 25, ushuru wa bidhaa karibu 22, tozo ya maendeleo ya petroli 5.40, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 ambayo peke yake ilikuwa zaidi ya shilingi 20, halafu ada ndogondogo za reli, za uagizaji na za usimamizi. Ukizijumlisha hazipungui shilingi 70. Kinachobaki ni gharama ya bomba, maghala na malori, pamoja na faida ya kampuni na ya mwenye kituo, ambayo nayo imewekewa kikomo.

Na kuna hesabu nyingine ya kalamu na karatasi. Dola 590 kwenda 628 ni ongezeko la dola 38 kwa lita elfu moja. Kwa shilingi za hapa ni kama tano kwa lita. Ukiweka VAT juu yake, inakaribia sita. Lakini bei ilipanda karibu tisa. Hizo tatu zilizobaki hazikutoka moja kwa moja kwenye meli. Ziliamuliwa mahali fulani ndani ya fomula, katika viwango vya faida au katika ile hazina ya kupunguza makali ya bei, ambayo serikali huikaza na kuilegeza inavyoona. Hilo ni swali lenye anwani. Mhudumu wa pampu hana jibu lake, na kumnyima mauzo siku moja hakumfanyi alipate.

Niseme pia juu ya Jumatatu iliyotangulia tangazo lile, Julai 7, siku ya maandamano ya Saba Saba. Polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji tangu alfajiri. Matatu hazikutembea, maduka yalifungwa, Thika Road ilikuwa ya watembea kwa miguu. Hakuna ujumbe wa WhatsApp utakaowahi kuondoa magari barabarani kiasi kile. Wiki moja kamili baadaye tukatangaziwa lile ongezeko la 8.99. Sisemi barabara kufungwa kuliipandisha bei. Nasema bei haikujua kwamba barabara zilifungwa.

Toleo la pili la ujumbe

Wapo wanaokubali kwamba siku moja haitoshi, wakaja na toleo linaloonekana la werevu zaidi: tusiache kununua, tuchague kampuni moja kubwa tuihame mpaka ishushe bei, wengine watafuata. Kwenye unga au sabuni wazo hilo lina mantiki. Kwenye petroli lina tatizo la bomba.

Mafuta yaliyoshushwa Kipevu huagizwa kwa pamoja na husafiri kwa pamoja. Lita inayouzwa chini ya nembo ya Shell, ya TotalEnergies, ya Rubis au ya kituo kisicho na jina mtaani Kayole ilikuwa ndani ya bomba moja na tangi moja. Ukiihama kampuni kubwa ukaenda kwa ndogo, ndogo itaishiwa, itahitaji mafuta zaidi, na mara nyingi itayanunua kwa jumla kutoka kwa zile kubwa. Umehamisha lita kutoka pampu hadi pampu. Kilichopungua ni mauzo ya mwenye kituo, ambaye mara nyingi ni Mkenya wa kawaida aliyekodisha nembo, na vibarua wake.

Kuna upenyo mdogo, nao tusiudharau: bei ya EPRA ni dari, si sakafu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, na ukizunguka jijini utaviona vinavyouza kwa senti au shilingi pungufu ili kuvuta wateja. Hapo mnunuzi mwenye macho anaweza kupata kitu. Lakini mwenye kituo hawezi kutoa zaidi ya faida yake, ambayo ni shilingi chache kwa lita. Hata angekasirikiwa na mtaa mzima, hana namna ya kutoa tozo ya barabara mfukoni mwake.

Je, kupunguza matumizi hakuna maana kabisa? Kuna maana, na tuliona kwa macho yetu. Aprili 2020 dunia nzima ilijifungia ndani. Matumizi ya mafuta yalianguka kwa mapipa milioni 20 na zaidi kwa siku, kati ya kama milioni 100 za kawaida, na Aprili 20 bei ya mafuta ghafi ya Marekani iliporomoka hadi chini ya sifuri, kwa sababu waliokuwa nayo hawakuwa na mahali pa kuyaweka. Nairobi petroli ilitoka shilingi 110.87 mwezi Machi, ikawa 92.87 Aprili, ikafika 83.33 katikati ya Mei. Ona mambo mawili. La kwanza, ilibidi mabara yote yasimame kwa wiki kadhaa. Kenya, ambayo matumizi yake ni kama pipa moja katika kila elfu moja ya dunia, ingejifungia peke yake isingetikisa chochote. La pili, nafuu ilitufikia kwa kuchelewa, kwa mwendo wa meli na kalenda ya tarehe 14. Halafu Julai mwaka huo tozo ya maendeleo ya petroli ikapandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40, na lita ikarudi juu ya mia moja. Wengi tulikuwa bado tunahesabu barakoa.

Mfano mwingine hauhitaji janga. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika 217.36, ya juu kuliko zote tulizokuwa tumewahi kuona hadi wakati huo. Oktoba 2024 ilikuwa 180.66. Hakuna aliyesusia. Mafuta yalipungua bei sokoni, na shilingi, iliyokuwa imedhoofika hadi kama 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, ikapata nguvu hadi karibu 129. Shilingi 36 kwa lita ziliondoka polepole, bila shangwe.

Maziwa, basi na viti vya matatu

Sitaki ieleweke kwamba wanunuzi hawana nguvu. Nguvu wanayo, ila inategemea wanachosusia.

Aprili 20, 2018, Wamoroko walianza kususia bidhaa tatu kwa mpigo: maji ya chupa ya Sidi Ali, petroli ya Afriquia, na maziwa ya Centrale Danone. Hawakusema siku moja. Walikaa miezi. Upande wa maziwa mambo yalibadilika: mauzo ya kampuni yaliporomoka, ikapunguza maziwa iliyokuwa ikinunua kwa wakulima (nao wakulima wakaumia, jambo ambalo washangiliaji huwa hawalitaji), mkuu wa Danone, Emmanuel Faber, akasafiri mwenyewe hadi Moroko, na Septemba bei ya maziwa ikashushwa. Upande wa petroli hakukusikika ushindi wa aina hiyo. Mwenye Afriquia, Aziz Akhannouch, aliyekuwa waziri wa kilimo, mwaka 2021 akawa waziri mkuu.

Kwa nini maziwa yatikisike na petroli isitikisike? Mwulize mama yeyote anayeuza maziwa Gikomba. Maziwa yasiponunuliwa leo, kesho ni mala na keshokutwa ni ya kumwaga. Kila saa ya mgomo ni hasara isiyorudi. Pili, aliyepanga bei ya maziwa ni kampuni yenyewe, kwa hiyo aliyebanwa ndiye mwenye uwezo wa kushusha. Tatu, mnunuzi aliweza kunywa ya kampuni nyingine, au chai ya rangi.

Basi nalo ni kama maziwa. Desemba 5, 1955, watu weusi wa Montgomery, Alabama, walisusia mabasi kupinga ubaguzi wa rangi kwenye viti, kwa mpango wa siku moja tu. Siku hiyo ilifanikiwa kiasi kwamba usiku walikutana wakaamua kuendelea, na wakaendelea kwa siku 381. Kiti kilichokwenda kitupu asubuhi hakiuzwi tena mchana. Kampuni ya mabasi ilivuja damu kila siku, na hata hivyo ilihitajika hukumu ya mahakama kumaliza ubaguzi ule. Watu hukumbuka siku ya kwanza na kusahau 380 za kutembea kwa miguu.

Na Nairobi tunaufanya mgomo wa namna hiyo kila jioni bila kuupa jina. Nenda stendi yoyote saa mbili usiku, mvua ikiwa haijanyesha. Makanga anaita, "Mia, mia, Kayole mia!" Abiria wamesimama, mikono mifukoni, wanaangalia kando kana kwamba wanamsubiri mtu. Hakuna aliyetoa wito wala kutuma ujumbe. Dakika tano, gari bado nusu, dereva anapiga honi, askari wa kaunti anakaribia. "Themanini! Haya, themanini!" Wawili wanapanda. Wengine bado wanaangalia kando. "Ingieni na sabini, twende!" Gari linajaa. Mgomo wa dakika nane umeshusha bei kwa asilimia 30, kwa sababu kiti cha saa mbili hakiuzwi saa tatu, na aliyepanga bei amesimama mbele yako akiwa na jasho. Mvua ikianza tu, nguvu yote inahamia kwake na nauli inakuwa mia na hamsini. Lakini angalau mnajuana.

Ningekuwa na hamu ya kususia kitu siku bei ya petroli inaposhuka, ningeanzia hapo stendi. Nauli hupanda usiku ule ule wa tarehe 14, na bei ikishuka hujifanya haikusikia.

Palipowahi kusogea

Bei ya Nairobi imewahi kusukumwa na hasira za watu, ila si kwenye pampu. Septemba 1, 2018, VAT ya asilimia 16 ilianza kutozwa kwenye mafuta baada ya kuahirishwa kwa miaka. Wasambazaji wadogo waligoma kuchukua mafuta kwenye maghala, vituo vikakauka, na mitaani petroli ikauzwa kwa chupa kwa bei ya kuomba radhi. Kesi zikafika mahakamani. Kabla mwezi haujaisha, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameurudisha mswada bungeni na kodi ikawa asilimia 8. Ona nani aligoma: wauzaji, si wanunuzi. Na waliyemlenga ni mwenye kalamu ya kodi. Hiyo nusu ilidumu hadi Julai 1, 2023, Sheria ya Fedha ilipoirudisha kwenye 16, na lita Nairobi ikaruka kutoka 182.04 hadi 195.53 kwa usiku mmoja. Hakuna meli iliyohusika usiku ule.

Mwaka uliofuata, baada ya maandamano ya Juni 25, 2024, Rais Ruto alikataa kuutia sahihi mswada wa fedha, nao ukafa. Lakini Julai, moshi ukiwa haujatawanyika, tozo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa tangazo la gazeti la serikali. Bei ya pampu mwezi huo ilishuka kwa shilingi moja, 189.84 hadi 188.84, kwa hiyo wengi hawakugundua. Shilingi saba zilipita mlangoni huku watu wanashukuru kwa moja. Tozo za namna hiyo huwa na kipindi cha umma kutoa maoni kabla hazijapitishwa, na ukumbi wa maoni hayo, kama uliwahi kuuona, huwa na viti vitupu kuliko kituo cha petroli cha tarehe 15.

Jumatatu ya mgomo, Julai 21, niliamka nikiwa na hamu ya kuona. Kituo cha Outering kilikuwa na magari mawili matatu, kama Jumatatu yoyote ya tarehe za katikati ya mwezi, mshahara ukiwa mbali. Kijana wa bodaboda, huyo au mwenzake, alikuwa anawekewa ya mia mbili. Saa tatu asubuhi jirani yangu aliandika kwenye kundi: "Mimi leo sinunui hata tone. Wenzangu mko wapi?" Akajibiwa kwa ngumi nyingi za kuinuliwa juu. Fielder yake haikuhitaji tone. Nilimwona mwenyewe akiijaza.

Agosti 14 EPRA ikatangaza bei mpya. Gharama ya kufikisha petroli Mombasa ilikuwa imepungua kidogo mwezi uliotangulia, na lita ikashuka kutoka 186.31 hadi 185.31. Haikufika hata nusu saa, simu ikalia. Jirani alikuwa ameweka picha ya tangazo, na chini yake maneno matatu: "Mnaona sasa? Tumewaweza!"

Nilianza kuandika jibu refu, nikalifuta. Badala yake nilifungua kikokotoo cha simu nikagawanya mia mbili kwa bei ya zamani, kisha kwa mpya. Kwa noti yake ya mia mbili, kijana wa bodaboda sasa angepata mililita sita zaidi, ambazo ni kijiko kimoja cha chai na tone la juu.